Maswali ya wasomaji: Mdogo wetu ni mateka wa vita, barua yake ni mistari michache tu, tumjibu nini?

Toleo hili nimeiweka barua ya dada mmoja wa Masasi mbele ya zingine zote na nimeijibu kwa urefu, mlioandika kuhusu mirathi na mikopo ya bodaboda mtanivumilia mpaka toleo lijalo. Nimeijibu kwa urefu kwa sababu kuna mama pale nyumbani halali usingizi, na kuna kijana mbali sana anasubiri karatasi kutoka nyumbani.

SWALI: Habari za kazi mhariri, mimi ni dada mkubwa kwenye familia yetu, tupo Masasi. Mdogo wetu aliondoka akaenda Urusi, alituambia amepata kazi ya kiwandani mshahara mzuri, mwanzoni alikuwa anapiga simu ya video kila jumapili alafu akaanza kupotea potea mwisho kimya kabisa. Tukaja kumuona kwenye klipu watu wanarushiana WhatsApp, amekaa kwenye kiti amevaa nguo za jeshi anaulizwa maswali, kumbe amekamatwa Ukraine. Mama alianguka palepale. Baadae wakaja watu wa Msalaba Mwekundu mpaka nyumbani na karatasi, mwandiko ni wake kabisa, kaandika mistari michache kwamba yupo salama, anakula, anasubiri kubadilishwa, anaulizia Bibi anaendeleaje na mwanae yupo darasa la ngapi. Basi. Mama anasema huyu sio mwanangu, mwanangu angeandika zaidi, wamemshikia mkono. Na Bibi alishafariki yeye hajui. Mama anataka tuandike barua ndefu ya kila kitu, Mjomba anasema tusijibu tutamponza, alafu kuna mtu anapiga simu anasema ana koneksheni ya kumtoa kwa milioni sita na Mjomba ameshaanza habari ya kuuza kipande cha shamba la mikorosho. Tuandike nini tusiandike nini, na kweli itamfikia? Wifi yangu nae ana swali lake nimeliweka chini. Dada mkubwa, Masasi.

JIBU: Dada pole sana, na mfikishie Mama shikamoo yangu. Nianze na yeye maana yeye ndo ameumia zaidi na hiyo karatasi.

Mama, ufupi wa ile barua sio dalili kwamba hajaandika yeye. Mateka wa vita anaandika ndani ya mipaka, na hiyo mipaka ipo tangu zamani. Mkataba wa tatu wa Geneva wa mwaka 1949, ndo unaohusu mateka wa vita, unasema mtu akishakamatwa, ndani ya wiki moja tangu afike kambini aruhusiwe kujaza kadi ya kuijulisha familia yake na ofisi kuu ya habari za mateka iliyopo Geneva kwamba amekamatwa na yupo hai. Hiyo kadi ina mfano wake mwishoni mwa mkataba wenyewe, na ukiisoma unaelewa kwa nini inaonekana haina moyo: jina, jina la baba, tarehe na mahali pa kuzaliwa, cheo, namba ya jeshi, anwani ya ndugu, alafu kuna orodha ya hali ya mwili, mzima, hajajeruhiwa, amepona, mgonjwa, amejeruhiwa kidogo, amejeruhiwa vibaya, yeye anakata yasiyomhusu anaacha linalomhusu. Na chini imeandikwa asiongeze maelezo yoyote. Yaani mtu ametoka vitani, ana mama, ana mtoto, ana mengi kifuani, anaambiwa kata maneno weka sahihi basi.

Barua za baada ya hapo ndo zina nafasi kidogo. Mkataba huohuo kifungu cha 71 unasema mateka aruhusiwe kutuma na kupokea barua, na wanaomshikilia wakiona ni lazima waweke kikomo basi kisishuke chini ya barua mbili na kadi nne kwa mwezi, na kifungu cha 74 kinataka ziende bila kulipia stempu. Hiyo ndo sheria, utekelezaji ni kitu kingine, kwenye vita hii ya Urusi na Ukraine kuna familia nyingi za pande zote mbili zimekaa miezi na miezi bila neno hata moja. Kwa hiyo ninyi kupata mistari ile michache yenye mwandiko wake mshukuruni Mungu, na mjue ameandika huku kuna mtu ataisoma kabla haijatoka. Mtu anayejua barua yake inasomwa na mgeni haandiki yote. Ila angalieni alichokichagua kwenye nafasi ile ndogo, kamuulizia Bibi na darasa la mtoto. Mtu anayeandikishwa kwa nguvu haulizi mtoto yupo darasa la ngapi. Huyo ni mwanao Mama.

Sasa hoja ya Mjomba kwamba mkijibu mtamponza. Namheshimu Mjomba na najua kwetu huku Kusini neno la mjomba ni zito, ila hapa namuomba abadilishe msimamo. Familia kumwandikia mateka ni haki inayotambuliwa, sio siri wala sio kosa, na huko kambini barua ya nyumbani haimuongezei mtu mashtaka. Kinachomponza ni maneno fulani ndani ya barua, na hayo mnaweza kuyaepuka. Ukimya ndo unamuumiza. Yeye hajui kama karatasi yake ilifika, anakaa anahesabu, kila wanapogawa barua anasikiliza jina lake. Kusubiri kuachiwa bila tarehe ni adhabu ya peke yake, mfungwa wa gerezani anajua miaka yake, mateka hajui, inaweza kuwa wiki ijayo inaweza kuwa vita iishe. Mkimnyima na barua mnamwacha na nini?

Njia yenyewe ipo hivi. Hiyo karatasi mliyoletewa inaitwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Ni ya wazi, haifungwi kwenye bahasha ikabandikwa, na ni ya habari za familia tu. Anaandika mateka, wanaomshikilia wanasoma, inachukuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, inakuja mpaka kwa Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, alafu watu wao wanaifuatilia familia hata kama ni kijijini ndani huko. Ya kwenu inarudi njia hiyohiyo. Kamati ina ofisi ya kutafuta watu Geneva, kazi hiyo wameifanya tangu vita vya kwanza vya dunia mwaka 1914, na mwaka 2022 wakafungua kitengo maalum kwa ajili ya vita hii ya Urusi na Ukraine. Hakuna hatua hata moja inayolipiwa. Inachukua wiki, mara nyingi ni miezi, kwa hiyo msiandike barua moja mkakaa kuisubiri, andikeni, baada ya muda andikeni tena, hata kama jibu la kwanza halijarudi. Na kila moja iwekeni tarehe juu maana zinaweza kufika zimepishana.

Andikeni kwa Kiswahili na kwa mwandiko unaosomeka. Najua Mama angependa amwambie kwa Kimakonde na yapo mambo yanatamkika kwa Kimakonde tu, lakini anayekagua akikosa mtu wa kumsomea barua inakaa mezani.

Yasiyotakiwa humo ndani: alipokuwa anapigana, majina ya wenzake, jina la aliyempeleka, nani ana haki kwenye vita na nani hana, matusi kwa nchi yoyote, habari ya hela za kumtoa, na tetesi za lini atatoka. Hili la mwisho nalisisitiza sana. Msimwambie "tumesikia mwezi ujao mnaachiwa". Nchi hizi mbili zimebadilishana mateka mara nyingi, kubwa ilikuwa Mei 2025 watu elfu moja kwa elfu moja ndani ya siku tatu baada ya mazungumzo ya Istanbul, na kila mara kuna waliosomwa majina yao na kuna waliobaki wanawaangalia wenzao wanapanda mabasi. Mkimpa tarehe ya uongo mtamvunja.

Sasa cha kuandika. Dada, hapa ndo watu wengi wanapokosea, wanaandika barua ya pole. Karatasi nzima ni "jipe moyo", "Mungu yupo", "tunakuombea", "usikate tamaa". Ni maneno mazuri na mstari mmoja wake uwepo, ila hayampeleki nyumbani. Kinachompeleka mtu nyumbani ni kitu kidogo chenye jina. Mwambieni mvua imenyesha au haijanyesha. Mwambieni mikorosho ya upande gani imechanua na ni nani anapuliza salfa mwaka huu. Mwambieni ming'oko imeanza kuuzwa stendi na mtoto wake anaila na pilipili kama yeye. Mwambieni bati la jikoni lililokuwa linavuja limepigwa au bado linavuja. Mkiona ni ya kipuuzi ndo hiyo hiyo iandikeni. Mtu aliye kambini anakuwa na picha ya nyumbani iliyosimama siku aliyoondoka, kila habari ndogo inaisogeza mbele, anajua maisha yanaendelea na nafasi yake bado ipo.

Kama Mama anashindwa kukata maneno, mpeni zoezi hili. Wakati wa vita vya pili vya dunia Msalaba Mwekundu ulikuwa unapeleka ujumbe kati ya raia waliotenganishwa na vita, na kikomo kilikuwa maneno 25. Ishirini na tano tu! Mwambie Mama akupe maneno yake 25 kwanza, yaandike juu kabisa ya karatasi, alafu ndo mengine yafuate. Yale 25 yatakuwa ndo barua yenyewe, niamini.

Mfano mimi nimejaribu kuandika kama ningekuwa Mama, mbadilishe mnavyotaka:

"Mwanangu, karatasi yako imefika, nimeishika mkononi, mwandiko ni wako. Mimi mzima, mguu unanisumbua asubuhi ukipata joto naenda shamba. Mwanao yupo darasa la tatu, ameota jino jipya, anaandika jina lako bila kuangalizia. Kitanda chako analalia mdogo wako, nimemwambia ni azima tu. Mkorosho wa karibu na kisima umeanguka, tumekata kuni. Mjomba anakusalimu. Ukipata nafasi niambie unalalaje na kama baridi unaiweza. Mimi mama yako."

Mnaona hakuna kitu cha kumponza pale, na hakuna mkaguzi wa nchi yoyote atakayeifutia mstari.

La Bibi. Mmeniuliza kwa mzunguko kama mumfiche. Mimi nasema mwambieni. Angekuwa hajamuulizia ningesema subirini barua ya pili au ya tatu, lakini ameuliza kwa mkono wake, mkiruka swali lake atajua, na mkiandika "Bibi mzima" mtakuwa mnaidanganya kila barua mpaka siku atakaporudi akakuta kaburi, hapo hatowaamini tena hata kwa mengine. Mwambieni kwa upole na kwa ukamilifu: Bibi alifariki lini, aliumwa nini, alikuwa nani pembeni yake, amezikwa wapi, na kama alimtaja mjukuu wake mwambieni alisema nini. Mtu aliyekosa mazishi anataka kujua yalivyokwenda. Na msiliweke mwisho wa barua kama kitu kilichosahaulika, liwekeni katikati, alafu mmalizie na habari za mtoto ili karatasi isiishie msibani.

Huyo wa milioni sita. Mkatieni simu na namba yake mpelekeeni polisi. Mateka wa vita hawatolewi na mtu binafsi mwenye koneksheni, wanatolewa kwa makubaliano ya serikali na serikali, kwenye vita hii nchi kama Falme za Kiarabu zimekuwa zikisuluhisha mara kwa mara, vinginevyo ni mpaka mapigano yaishe ambapo mkataba unasema waachiwe warudishwe kwao bila kucheleweshwa. Wapo wanaoweza kutangulia nao ni wagonjwa mahututi na majeruhi wakubwa, kama amejeruhiwa vibaya ulizeni Msalaba Mwekundu kuhusu hilo. Mjomba auze shamba la mikorosho ampe nani? Yule kijana akitoka atakuta hana pa kuanzia.

Mnachotakiwa kufanya badala yake ni kwenda serikalini, na hapa nisiwafiche, kuna ugumu. Januari 2023, baada ya kijana wa Kitanzania kufia vitani huko Ukraine, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje Stergomena Tax alisema wazi kwamba sheria zetu haziruhusu raia kujiunga na jeshi la nchi nyingine. Kwa hiyo naelewa hofu ya Mjomba, labda ni hiyo. Lakini kama mdogo wenu aliahidiwa kiwanda akapelekwa mstari wa mbele hiyo ni habari tofauti kabisa, tunayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na meseji zake za mwanzo alizowatumia kuhusu kazi ni ushahidi, msizifute, zipigeni picha muweke sehemu nyingine. Muoneni mwanasheria au wasaidizi wa kisheria hapo wilayani, alafu mwandike Wizara ya Mambo ya Nje mkiambatanisha kopi ya ujumbe wa Msalaba Mwekundu na cheti chake cha kuzaliwa. Mgeni kwenye vita ya watu anahitaji kwao wamuulizie, la sivyo atakuwa wa mwisho kukumbukwa.

Na ile klipu iacheni. Mkataba unakataza mateka kufanywa maonyesho ya watu, waliomrekodi na waliosambaza wamekosea, ninyi msiwasaidie. Waambieni kwenye grupu la ukoo waifute, wasiandike jina lake mtandaoni, wasibishane na watu kwenye maoni.

SWALI LA WIFI: Mimi ni mke wake. Shamba letu la korosho limesajiliwa kwa jina lake na hela za mnada zinaingia kwenye akaunti yake, benki wamenikatalia, na pembejeo AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, wanasema mpaka mwenye jina. Nina mtoto anasoma, nifanyeje?

JIBU: Wifi pole, wewe umebeba mzigo ambao kwenye barua za familia hautajwi. Benki hawajakuonea, bila idhini yake hawawezi kukufungulia. Lakini idhini inawezekana kutoka kambini, watu wengi hawajui hili. Kifungu cha 77 cha mkataba ule ule kinataka mateka wasaidiwe kuandaa na kutuma nyaraka za kisheria, na kimetaja kwa jina hati za uwakili, yaani za kumruhusu mtu mwingine afanye mambo kwa niaba yako, na wosia. Unachofanya ni kwenda kwa mwanasheria akuandikie hati fupi ya uwakili inayokupa wewe mamlaka ya akaunti hiyo na shamba hilo tu, sio kila kitu chake, hati fupi yenye mambo mawili inapita kirahisi kuliko ndefu. Alafu mpelekee mtu wa Msalaba Mwekundu umuulize namna ya kuifikisha asaini na ishuhudiwe.

Itachelewa, na korosho hazisubiri. Kwa hiyo sasa hivi nenda AMCOS yenu ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji, cheti cha ndoa na kopi ya ule ujumbe, uombe usajiliwe wewe kama mkulima wa shamba hilo kwenye daftari la wakulima ili salfa na viuatilifu utoe wewe na malipo ya msimu unaokuja yaingie akaunti yako. Wakikukwamisha nenda ofisi za Bodi ya Korosho, makao makuu yapo hapahapa Mtwara. Nenda kabla ya mwezi wa kumi, minada ikishaanza hakuna mtu atakusikiliza. Na mwandikie mumeo kwamba umefanya hivyo, kwa mstari mmoja, asije akasikia kwa mwingine.

SWALI: Mimi ni mzee wa Nachingwea, nilikuwa kijana mwaka 1974, nakumbuka tuliona askari wa Kireno wameletwa na Frelimo, wale wapigania uhuru wa Msumbiji, wengi tu, vijana wadogo, nguo zimechakaa. Wajukuu hawaniamini. Je walirudi kwao, na walikuwa mateka halali kama hao wa leo?

JIBU: Shikamoo mzee. Waambie wajukuu una haki kabisa. Tarehe 1 Agosti 1974 Frelimo waliizingira kambi ya Wareno ya Omar, upande wa Msumbiji karibu na mto Ruvuma, askari wale wakajisalimisha, zaidi ya mia moja, wakavushwa mpaka huku Nachingwea ambako Frelimo walikuwa na kituo chao kikuu cha mafunzo. Kumbuka serikali ya Lisbon ilikuwa imeshapinduliwa tarehe 25 Aprili mwaka huo, vita ilikuwa inaelekea ukingoni na wale vijana walishachoka nayo. Makubaliano ya Lusaka yakasainiwa 7 Septemba 1974, wakaachiwa wakarudi kwao.

Kuhusu uhalali, hapo umegusa jambo zito. Wakati ule Ureno iliwaita Frelimo magaidi, haikuwahesabu kama jeshi, na mikataba ya 1949 haki za mateka wa vita ilizitoa kwa vita vya nchi na nchi. Ni mwaka 1977, vita yenu imeshaisha, ndo ikaongezwa itifaki inayotambua vita vya kupigania uhuru dhidi ya ukoloni kuwa vita vya kimataifa vyenye mateka wenye haki. Yaani Frelimo waliwaweka hai na kuwaachia wale Wareno kabla sheria haijawatambua wao wenyewe kama wapiganaji, mimi naona hilo linastahili kuandikwa kwenye vitabu vya shule za Lindi. Walikuwa na msimamo wao kwamba adui ni ukoloni sio watu wa Ureno.

Na kwa kuwa toleo hili ni la barua, nikuongezee: askari wa Kireno walikuwa wanapewa bure karatasi nyepesi za kujikunja za kuandikia nyumbani, zilienda kwa ndege bila stempu. Mama wa Kireno kijijini kwake alizizoea zile karatasi, Agosti ile zikakatika ghafla. Mzee kama unakumbuka zaidi, walikula nini, walikaa upande gani, nani aliwapikia, kaa na mjukuu mmoja mwenye simu akurekodi. Zamani hiyo ipo kichwani mwenu mliobaki.

SWALI: Mume wangu alikuwa anafanya biashara ya samaki Palma, Msumbiji, tangu lile shambulio la Machi 2021 sijamsikia. Wengine wanasema amechukuliwa na wale watu wa msituni. Nimesoma nakala yenu ya nyuma kuhusu mateka, je na mimi naweza kumwandikia? Mama wa watoto watatu, Mtwara vijijini.

JIBU: Mama pole mno. Watu wa mto Ruvuma mmepita kwenye mambo magumu, Kitaya yenyewe ilivamiwa Oktoba 2020, kwa hiyo unachosema nakielewa.

Kumwandikia kwa sasa haiwezekani kwa sababu barua inahitaji mahali anapojulikana yupo, na wale wanaoteka watu hawapokei barua za mtu. Yeye pia hahesabiki mateka wa vita kwa maana ya kina kijana wa Masasi, ni raia, na vita ya Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji ilipo Palma, ni ya ndani ya nchi. Hata hivyo hajaachwa hewani, kifungu cha tatu kilicho sawa kwenye mikataba yote minne ya Geneva kinakataza mtu yeyote, jeshi au waasi, kuua au kutesa au kumshika mateka mtu asiyepigana.

Unachoweza kufanya ni kufungua ombi la kutafutwa ndugu. Palma ilishambuliwa kuanzia tarehe 24 Machi 2021 na maelfu ya watu wakatawanyika, wengine kwa boti, wengine kwa miguu kuja huku, wengine kambi za Pemba ya hukohuko Msumbiji, wapo waliopotezana na familia zao bila kutekwa kabisa. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inafanya kazi Cabo Delgado na wanaunganisha watu waliopotezana. Nenda tawi la Msalaba Mwekundu hapo Mtwara, bure, na uende na haya: majina yake yote pamoja na la utani na lile wanalomuita wenzake wa sokoni, jina la baba na mama yake, alipozaliwa, mara ya mwisho alikuwa mtaa gani Palma na alikuwa na nani, namba zote za simu alizowahi kutumia hata kama hazipatikani, kovu au alama ya mwili, na picha yake hata ya zamani. Kama kuna mtu alikuwa nae Palma akarudi nenda nae, au chukua maelezo yake.

Watakupa namba ya faili. Iandike kwenye simu na kwenye daftari la mtoto pia, na ukihama au ukibadili laini rudi uwaambie, maana habari zikija watakutafuta kwa namba ile ile uliyowaachia.